Mama Anakuja Kutazama

Siku ya tano tangu mama mkwe wake ateremke kwenye lori, Khatibu alifunga duka saa kumi alasiri, akapasua boksi la sabuni, akalitandaza juu ya meza na kuanza kuchora barabara. Hakuwa mchoraji. Kasulu aliibana pembeni kabisa, Kibondo akaiweka juu, na katikati akapitisha mto Malagarasi, ukajikunja hivi na vile mpaka mkewe Siti, aliyekuwa mkekani akichambua maharage, akainua shingo na kuuliza kama ule ni mto au utumbo wa mbuzi.

"Cheka tu," alisema Khatibu. "Jumamosi mama atauona kwa macho yake."

"Mama hapendi maji yasiyo na chumvi."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Bi Mwanaamina, mzaliwa wa Gerezani, Dar es Salaam, alikuwa amesafiri kwa treni mpaka Kigoma, kisha nusu siku kwa lori, kuja kumchukua binti yake akajifungulie kwao. Mimba ya Siti ilikuwa na miezi saba. Kwa watu wa pwani jambo hilo halina mjadala: mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, mzazi akakandwa kwa maji ya moto, arobaini ikatoka, kisha akarudi kwa mumewe. Khatibu aliijua desturi hiyo, maana asili yake ni Bagamoyo, ingawa alikulia Ujiji na Kasulu alikuwa na mwaka wa kumi. Asichokiamini ni hayo maneno ya mwisho. Dada yake Siti alikwenda Gerezani kujifungua mwaka wa sitini na sita. Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mtoto alikuwa darasa la pili, dada mtu bado yuko Gerezani, na mumewe yuko Tabora anangoja hiyo arobaini itoke.

Bi Mwanaamina hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makao makuu, basi. Tangu afike alikaa baraza ya nyuma akiitazama Kasulu kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. "Sasa hapa," aliuliza kila jioni, "mtu akitaka kutembea anatembea wapi?" Kwa hesabu yake, ukishatoka Dar es Salaam nchi yote ni pori, limeachwa makusudi ili reli ipate pa kupita. Siku moja Khatibu alijitia ujasiri akamwambia kuwa hata hayo makao makuu yanahamishiwa Dodoma, redio imetangaza.

"Yahame," alijibu Bi Mwanaamina. "Mimi sihami."

Basi Khatibu akaja na shauri lake. Angemtembeza. Angemkodia gari Jumamosi nzima, amwoneshe milima, mto, mabonde na anga la nchi hii mpaka moyo wa mama ulainike, akubali Siti ajifungulie hapahapa, au angalau aondoke akijua kuwa Kasulu ni mahali ambapo mtu anaweza kurudishwa. Asipofanikiwa Jumamosi, Jumatatu mkewe anapanda lori na mimba yake, na Khatibu anaungana na yule bwana wa Tabora. Alikuwa akifikiria hivyo kila akipima sukari, na mara mbili alipunja, mara tatu akazidisha.

Kupanga safari ya kutazama, lakini, kulikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Kila mteja aliyeingia dukani alimwuliza, "Kati ya hapa na Kibondo, wapi pazuri pa kutazama?" Mkulima mmoja wa Muyama alijibu bila kufikiri kwamba pazuri ni shambani kwake, maharage mwaka huu yamekubali. Alipoambiwa kuwa Muyama iko upande mwingine kabisa, alisema basi hiyo barabara ya Kibondo wameiweka vibaya. Mwalimu wa chuo alipendekeza ng'ombe wa chuo. Bibi mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa alisema pazuri ni popote ambapo lori halikwami, na akapataja pawili. Mwisho wa yote Khatibu alibaki na orodha ya mambo saba, matano kati yake yakiwa milima.

"Na mama akishaona mlima wa kwanza," aliuliza Siti, "ule wa pili utamwambia ni wa nini?"

Gari lilikuwa la Makarius, Muha wa Kasulu, mtu mpole, mwenye Landrova iliyozoea kubeba chumvi kwenda Kibondo. Aliitwa aje aitazame ile ramani. Akaigeuza mara mbili, akaisifu, akasema njia haina neno. Bi Mwanaamina, aliyekuwa akisikiliza kutoka barazani, akauliza safari yenyewe ni ndefu kiasi gani.

"Oya, mama. Ni hafi," alisema Makarius kwa adabu.

"Hafi nani?"

"Kibondo, mama. Hafi kabisa."

"Kumbe huwa wanakufa?" Bi Mwanaamina alimgeukia mkwewe. "Mimi nimeuliza umbali, mwenzako ananitajia vifo."

Siti alicheka mpaka akashika tumbo, ndipo akaeleza kwamba kwa Kiha oya ni hapana, na hafi ni karibu. Bi Mwanaamina alisema neno hilo lina mkosi na wangefanya vizuri kulibadilisha.

Makarius alikuwa na mzigo wa chumvi wa kupeleka Jumatano. Khatibu akaona ndiyo nafasi ya kutuma salamu. Huko Busunzu, kabla ya kufika Kibondo, alikuwa na rafiki yake Abdalah, mrina asali, ambaye nyumba yake sasa ilikuwa kandokando ya barabara, tangu watu walipohamishiwa vijijini. Pale wangepumzika na kula.

"Ukipita Busunzu," alimwambia Makarius, "mwambie Abdalah Jumamosi nafika kwake na mama. Mwambie mama anakuja kutazama."

"Kutazama?"

"Kutazama. Mambo mazuri ya kwao."

Makarius alimtazama, akalitazama pazia ambalo nyuma yake Siti alikuwa akiimba, akashusha sauti. "Na mke wako anajua?"

"Anajua. Anacheka tu."

Makarius alitikisa kichwa taratibu. "Ninyi watu wa pwani," alisema, "mmeendelea sana." Khatibu akalichukua kama sifa, akarudi kwenye mizani yake.

Jumamosi waliondoka saa moja asubuhi. Siti alibaki, kwa sababu ya tumbo na kwa sababu ya mashimo. Makarius kwenye usukani, Bi Mwanaamina dirishani, na Khatibu katikati yao, magoti yamemfika kidevuni, boksi lake la sabuni mapajani. Safari ya kutazama ikaanza. Mlima wa kwanza Bi Mwanaamina alikuwa amesinzia. Wa pili aliuliza ni wa nani. Wa tatu ulipofika alikuwa amejifunika kanga uso mzima kwa ajili ya vumbi jekundu, na Khatibu akausifia ule mlima mbele ya kanga. Kwenye daraja la Malagarasi aliomba gari lisimame. Mto ulikuwa unapita chini kwa utulivu, mpana, nyasi zimeuinamia pande zote mbili, na Khatibu mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kutazama mito, alijikuta amevutiwa.

"Huu ndio ule utumbo?" aliuliza Bi Mwanaamina.

"Ndiyo, mama."

"Haya." Akaufunika uso tena. Khatibu alikata mstari kwenye orodha yake.

Walipofika Busunzu alistaajabu. Uwanja wa Abdalah ulikuwa umefagiliwa mpaka unang'aa. Mikeka mipya imetandikwa, majirani wamekaa kandokando wamevaa nguo zao za Iddi, na Abdalah amepiga kanzu. Mkewe, Adija, alikuja mbele ya Bi Mwanaamina akapiga magoti, akaanza kumwamkia kwa Kiha, akipiga makofi polepole, salamu ndefu isiyokwisha, akiuliza hali ya nyumba, ya watoto, ya ng'ombe ambao Bi Mwanaamina hakuwahi kuwa nao. Kwa mara ya kwanza tangu aje bara, Bi Mwanaamina alitabasamu. Khatibu alitamani kuliongeza jambo la nane kwenye orodha.

Kisha akatoka binti wa Abdalah, Zamda, msichana wa miaka ishirini hivi, mrefu, amejifunga kanga mpya, kichwa kinanukia mafuta. Alileta maji ya kunawa, akapiga goti, akarudi ndani. Akaleta togwa, akapiga goti, akarudi. Akaleta asali kwenye sahani, ingawa mtu mmoja angeweza kuvileta vyote kwa safari moja. Kila akipita majirani walinyamaza. Khatibu aliona ukarimu. Bi Mwanaamina, aliyekuwa kungwi wa wasichana wa Gerezani kwa miaka thelathini, aliona jambo jingine, maana msichana anayeoneshwa alimjua hata akiwa amefumba macho.

"Anatembea vizuri," alisema polepole. "Kuna mtu amekwisha kumposa?"

"Oya, mama," alisema Abdalah. "Tulikuwa tunakungoja wewe."

Togwa ilimpitia Khatibu njia isiyo yake. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na katika kukohoa huko mambo yakaanza kumpangukia moja baada ya jingine. Mama anakuja kutazama. Huku, mama wa mtu akifunga safari kwenda nyumba yenye binti kutazama, hajaja kutazama milima. Lakini huyu si mama yake! Na hapo akakumbuka kwamba hakuna mtu Kasulu nzima aliyewahi kuambiwa hivyo. Yeye alimwita mama, kama adabu ya kwao inavyotaka, akala naye meza moja na kulala naye nyumba moja, wakati Muha akikutana na mama mkwe wake njiani huacha njia akaingia porini mpaka mama apite. Nani angedhani kuwa mtu anaweza kumpakia mkwe wake gari moja, tena bega kwa bega? Lazima awe mama mzazi.

"Mama," alisema kwa sauti iliyokauka, "nadhani hapa pana—"

"Nyamaza, baba. Ulitaka nitazame. Natazama." Sauti ilikuwa tamu, ile ile ambayo Bi Mwanaamina huanza nayo kwa muuza samaki kabla hajamtukana. Akamgeukia Abdalah. "Mwanangu huyu ana mke tayari, na mke ana mimba. Ninyi mnamjua vipi, hata mkataka kumpa binti?"

Khatibu alikaa akiitazama mikono yake. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Jumatatu ilikuwa mbali mno. Mama atamchukua Siti kesho, kwa miguu ikibidi, na kule Gerezani hadithi itakuwa kwamba mimba haijazaliwa bado na mume keshatafuta mwingine, akathubutu kumbeba mkwe wake aende akamchagulie.

Abdalah alisema mazuri aliyonayo: mizani ya Khatibu ni ya kweli, siku hizi tu ndiyo imeyumba kidogo. Lakini Adija alimkata.

"Mama, mimi nitasema kweli, usinikasirikie. Mimi nilimwambia mume wangu, huyu haoi wa pili. Mwaka juzi nilipeleka asali Kasulu. Nikakuta duka limefungwa. Nikazunguka nyuma. Nikamkuta huyu mwanao amechuchumaa kwenye karai, anafua kanga za mke wake. Zina damu, mama. Mimba ilikuwa imetoka. Wanawake wa jirani walikuja wafue, akakataa, akasema hii ni shida yangu mimi na yeye. Siku kumi na mbili duka halikufunguka, chumvi tukakosa. Uji anapika yeye, anamnywesha yeye, kijiko kwa kijiko. Sisi tulicheka, mama, nisikufiche. Tulisema mwanamume wa Kasulu ameolewa. Lakini niliporudi nyumbani nikamwangalia huyu mzee wangu..." Alimwangalia Abdalah tena, pale pale. "Nikanyamaza tu."

Abdalah alikohoa, akarekebisha kofia.

"Kwa hiyo Makarius alipoleta habari, nikakubali," alimalizia Adija. "Nilisema hata akigawa nusu kwa nusu, nusu yake itamtosha binti yangu."

Bi Mwanaamina alikuwa ameweka kikombe chini, mkono umebaki juu yake.

"Mwaka juzi mwezi gani?"

"Wa pili, mama. Mvua zilikuwepo."

"Februari," alisema Bi Mwanaamina. Alitazama mbele, na kwa hakika hakuwa anatazama migomba. "Februari ile nilimwandikia barua. Nilimwuliza miaka miwili sasa, anangoja nini. Nikamwambia wenzake wote wamezaa." Akaibana midomo kwa upindo wa kanga. Khatibu aliijua barua hiyo. Siti alikuwa ameisoma kitandani, akaikunja, kisha akaomba kalamu akajibu kwamba wote wazima, wanamshukuru Mungu.

Baadaye Bi Mwanaamina alijiweka sawa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nisameheni, jamani. Mmenikirimu, na mimi sistahili. Huyu si mwanangu. Mimi nimemzaa mkewe."

Ungedhani amemwaga siafu mkekani. Adija alijifunika uso. Abdalah aliinuka na kanzu yake akageukia ukuta wa nyumba kwa niaba ya Khatibu, na majirani wazee wakageuka pamoja naye. Makarius, kikombe mkononi, alikuwa ameachama.

"Mabukwe!" alisema. "Mama mkwe wako! Na mimi nimewabana kiti kimoja tangu Kasulu!"

Aliyecheka ni Zamda peke yake, mlangoni, kwa furaha ya waziwazi, na ilikuja kujulikana kuwa alikuwa na fundi cherehani wake huko Kibondo ambaye hakuwa amepata nafasi ya kumtaja. Bi Mwanaamina alimwita, akafungua mkoba, akampa doti ya kanga mpya aliyoibeba kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya mtu mwingine. Akamwambia akiolewa na huyo fundi amchunguze kwanza kama anajua kufua.

Kibondo hawakufika. Na kurudi nako kulikuwa na masharti: Makarius alikataa katakata kuwasha gari mpaka Khatibu ahamie nyuma, kwenye magunia, pamoja na jogoo wa zawadi. Alisema yeye ana watoto, hataki laana. Basi Khatibu alirudi Kasulu akiwa amepewa mgongo na mama mkwe wake, akimeza vumbi la barabara yote, haoni mlima wala bonde, na hajui hukumu yake ni ipi. Kupitia kioo kidogo cha nyuma aliona kichwa cha Bi Mwanaamina kimenyooka. Kwa saa mbili hakikugeuka hata mara moja.

Walipoukaribia mji, gari likasimama. Bi Mwanaamina aliteremka peke yake, akazunguka nyuma, akashika ubao wa gari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siti alinikataza, mama. Alisema ukijua utapanda treni uje umchukue."

"Ningekuja. Siku hiyo hiyo ningekuja." Sasa alikuwa analia bila kujificha. "Na ningekuwa nimemtoa mwanangu mikononi mwa nani?"

Khatibu alimweka jogoo kando, akasogea ukingoni mwa gari.

"Atazaa hapa hapa," alisema Bi Mwanaamina. "Kumkanda nitamkanda mimi. Kwa hiyo nitakaa mpaka ajifungue, na arobaini yote, na nikiona mtoto ana mafua nitaongeza. Baraza ile utaniwekea kitanda cha mchana, na chai yangu iwe na sukari. Kama una neno, sema sasa."

Khatibu alihesabu miezi haraka haraka, ikatimia mitatu na ushee. Alitafuta neno moyoni mwake, lolote, la kulalamikia, akakuta hana. "Sina neno, mama," alisema, na machozi yakachora njia mbili kwenye wekundu wa mashavu yake.

"Shuka basi. Siti akikuona hivi atadhani nimekuzika." Akamshika kidevu, akalowesha upindo wa kanga kwa mate kama amfanyiavyo mwanawe, akaanza kumfuta uso, mashavu, kope, nyuma ya masikio. Alifuta kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. Huko mbele Makarius, aliyekuwa amefumba macho kwa heshima yao, aliuliza kama sasa anaweza kuyafumbua.

"Bado," alisema Bi Mwanaamina.